Karatasi Haihami

Niliingia TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, mkoani Shinyanga wakati Geita ingali wilaya ya Mwanza. Sheria ya rushwa, Na. 11 ya 2007, ilikuwa bado mpya mikononi mwetu. Ndugu zangu walidhani nitashinda nikiwaburuza vigogo mahakamani. Kumbe mafaili mengi yalikuwa ya kiongozi wa kitongoji anayetaka chochote ili mtu aendelee na duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, au karani aliyelalia maombi ya leseni. Walioyaita mafaili madogo sikukubaliana nao kamwe. Laki moja anayotoa mchimbaji wa Nyarugusu au Mwakitolyo ni hela ya kamba na ya magogo ya kukazia kuta, na duara lisilokazwa huua.

Watu hupenda kusimulia mtego: namba za noti zimeandikwa, shahidi huru yupo, mwomba rushwa anadakwa nazo mkononi. Mbele ya hakimu hiyo ni nusu ya safari. Mlalamikaji lazima aje aseme, huyu aliniomba, nami nikampa. Na mchimbaji hatulii. Dhahabu ikisikika Kahama, kesho yuko huko, simu imezimwa, na karani wa wito anakuta kibanda kimebaki fito. Nimeona mashauri yenye ushahidi safi yakifa kwa kuahirishwa tu.

Geita ilipofanywa mkoa mwaka 2012 nikahamishiwa huko, na nikaanza kuwatafuta mashahidi mwenyewe, Katoro na Rwamgasa. Walionisaidia zaidi ni mama lishe. Mchimbaji hula kwa mkopo, na anayemdai hujua alikoelekea. "Yuko Bulyanhulu, baba," mmoja aliniambia huku akisonga ugali, "ukimpata mkumbushe na deni langu." Shahidi yule alikuja, akasema yote bila kutetereka.

Kilichoniumiza ni adhabu. Kifungu cha 15 cha sheria ile, kama kilivyotungwa, kinaruhusu faini ya kati ya shilingi 500,000 na milioni moja badala ya kifungo cha miaka mitatu hadi mitano. Kwenye ukanda wa dhahabu ndugu huchanga faini hiyo palepale barazani, na mtu akalala kwake. Ni ndogo mno, na wabunge wanapaswa kuipandisha.

Machi 2019 Geita lilifunguliwa soko la dhahabu. Biashara iliyokuwa ikifanyika vyumbani mwa nyumba za wageni ikaletwa mezani: mzani, mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, stakabadhi. Ushawishi haukwisha, ila kila gramu iliyopita pale iliacha maandishi, na karatasi haihamii machimbo mengine.

Nawe unayesoma, ukiombwa rushwa piga 113 kabla hujalipa, ni bure. Na siku ukiitwa kutoa ushahidi, nenda.