Flaiwili ya Gari la Baba

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka 33, na ilipofika mwisho nilikuwa nimeshika flaiwili mikononi.

Gari la marehemu baba ni Mini, lile gari dogo lililobuniwa na Alec Issigonis na kuanza kuuzwa Uingereza mwaka 1959. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, nasi watoto tulijipakia humo tukibanana kama dagaa, furaha tele. Mwaka 1983 liliingizwa bandani nyuma ya nyumba yetu ya Tanga, likalala. Baba alifariki mwaka 2009 bila ya kulitoa. Mwaka 2016 nilipata likizo ndefu, nikasema nitalifufua.

Klachi ndiyo iliyolilaza, na sababu yake niliijua mimi peke yangu. Au ndivyo nilivyodhani.

Ili uifikie klachi ya Mini, sharti uitoe flaiwili, yaani lile gurudumu zito la chuma mwishoni mwa injini linalofanya mzunguko wake uwe laini. Katika magari mengi flaiwili hufungwa kwa bolti kadhaa, ukizifungua, inatoka. Ya Mini sivyo. Ncha ya krenki imechongwa umbo la pia, na flaiwili imesukumwa juu yake na kukazwa kwa bolti moja kubwa ya katikati. Hata ukiilegeza bolti hiyo, flaiwili haitikisiki. Chuma kimekumbatia chuma. Sasa ongeza hapo kutu na miaka 33 ya hewa ya bahari.

Kwa siku mbili nilipambana nayo kwa nyundo na mtaimbo. Siku ya tatu nilimwendea fundi mmoja mzee aliyezijua Mini tangu ujana wake. Alifika, akatazama alama za nyundo, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, unampiga nani?"

Sikuwa na jibu.

Kwanza aliizungusha injini mpaka mfereji ulioko kwenye ncha ya krenki ukalala sawasawa. Nyuma ya flaiwili, alinieleza, kuna washa yenye umbo la kiatu cha farasi. Mfereji ukiwa umesimama, washa inaweza kudondoka na kukwama, na hapo ukivuta unavunja. Pili, aliilegeza bolti kubwa mizunguko michache tu, akaiacha palepale. Nilitaka kuitoa kabisa. Akanizuia mkono.

"Flaiwili hii haitoki kwa kuaga," alisema. "Hutoka kwa mshindo. Bolti isipokuwapo ya kuizuia, itakurukia."

Kisha akafunga pula, kipande kinene cha chuma, kwa bolti tatu kwenye matundu ya flaiwili, akaikaza bolti ya katikati. Alipiga kichwa cha bolti hiyo kwa nyundo mara moja, akangoja. Akakaza tena kidogo, akapiga, akangoja. Tulifanya hivyo hadi magharibi, isisogee hata unywele. Nikaomba tuongeze nguvu.

"Iache hivyo hivyo imekazwa," alisema akifuta mikono. "Nayo iwaze usiku."

Usiku wa manane tulisikia mshindo kama wa mlango uliobamizwa. Nilishika tochi nikakimbilia bandani. Flaiwili ilikuwa imeachia, imeegemea bolti iliyoachwa. Nikaitoa, nikaigeuza upande wa ndani ambao huwezi kuuona mpaka itoke. Uso wake ulikuwa na madoa ya buluu na meusi, na mikwaruzo ya duara. Chuma huwa hivyo kikiungua.

Nililijua doa hilo. Nilikuwa na miaka 19. Baba alikuwa amelala mchana, nikachukua ufunguo, nikawapakia rafiki zangu hadi njia ya Pangani. Tulikwama mchangani, nami nikawa nakanyaga petroli huku klachi nimeiachia nusu, moshi ukatoka, harufu ikatupalia. Tulisukuma tukatoka, nikalirudisha gari taratibu. Jioni baba aliniuliza, "Gari umeligusa?" Nikasema, "Hapana, baba." Kesho yake akaniuliza mara ya pili. Nikajibu vilevile. Baada ya wiki moja klachi ilikuwa imekwisha kabisa. Miaka ile vipuri vilikuwa adimu sana nchini, na baba akaanza kwenda kazini kwa baiskeli. Alikwenda nayo hadi alipostaafu. Kila asubuhi nilisikia kengele yake ikitoka uani.

Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na kanga yake begani. Nikamweleza yote, nikimwonyesha lile chuma kana kwamba yeye ni hakimu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Shati lako nililifua mimi," alisema. "Lilikuwa linanuka moshi wa klachi."

"Na baba alijua?"

"Alijua. Nilimwambia akuchape, akakataa. Alisema atangoja useme mwenyewe."

Msomaji, kitu kilichokwama miaka mingi hakitoki kwa siku moja, na kikitoka hutoa kishindo. Sikulaumu kishindo kile. Ninachojutia ni kwamba aliyekuwa akikingoja hakuwapo kukisikia.

Uso wa flaiwili ulichongwa kwa fundi wa mashine, klachi mpya ikafungwa, na gari sasa linatembea. Safari yake ya kwanza ilikuwa makaburini, mama akiwa amekaa kiti cha mbele. Baiskeli ya baba ingali ukutani, na kengele yake bado inalia.