Injini Yenye Nguvu Yataka Ekseli Imara

Wazee walituachia neno hili: kamba hukatikia pembamba. Neno hilo ni la kweli kwa motokari pia, na leo napenda tulitafakari pamoja, hasa ninyi vijana mnaotamani injini zenye nguvu.

Hapa Katana tunaishi kando ya Njia ya Taifa nambari 2, iunganishayo Bukavu na Goma. Gari likipita, watu husifu mlio wa injini. Sijamsikia bado mtu akiisifu ekseli ya nyuma, ile ambayo mafundi wetu huiita ponti. Imejificha chini, imejaa matope, wala haina sauti ya kujivunia. Walakini ndiyo ipokeayo nguvu yote na kuigawia magurudumu.

Tena haiipokei kama ilivyotoka katika injini. Wanafunzi, shikeni kalamu. Tuseme injini yazungusha kwa nguvu ya Newton-meta 200. Gia ya kwanza huizidisha, tuseme mara 4: ni 800. Meno ya ekseli huizidisha mara 4 tena: ni 3,200. Basi, ukiweka injini ya 400, ekseli ile ile yaweza kubebeshwa 6,400 gari linapong'oka na mzigo mlimani. Hatari huzidi katika matope: gurudumu huzunguka bure kwa kasi, mara likanasa jiwe kavu, na shafti hupigwa kama kwa nyundo.

Mtoto wa dada yangu, achukuaye abiria, alinijia na habari ya injini mpya. Nikamwuliza habari ya ekseli. Akajibu: "Mjomba, ni ile ile ya zamani. Nyingine ni ghali." Nikamwambia: "Mwanangu, unachukua akina mama waendao hospitali. Bei yao ni kiasi gani?" Akanyamaza, kisha akaniomba tutazame pamoja namna ya kuchagua.

Jambo la kwanza ni unene wa shafti. Uimara wake haukui polepole kama kipenyo chake. Shafti ya milimeta 35, ikiwa ya chuma kile kile, huishinda ile ya milimeta 30 kwa zaidi ya nusu, ingawa tofauti ni milimeta 5 tu.

La pili ni namna ya kubeba. Katika magari mengi madogo, shafti yenyewe huzungusha gurudumu na pia hubeba uzito. Ikikatika karibu na gurudumu, gurudumu laweza kutoka pamoja nayo, na gari likapinduka. Katika malori, gurudumu hukaa juu ya beringi zilizofungwa kwenye bomba la ekseli, na kazi ya shafti ni kuzungusha tu. Hiyo ikikatika, gari hukosa mwendo, lakini gurudumu hubaki mahali pake. Kwa mwenye kuchukua watu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko fedha.

La tatu ni kipimo. Huko Marekani, kampuni ya Ford ilitoa mwaka 1957 magari yenye ekseli ambayo gurudumu lake la meno lina kipenyo cha inchi 9, yaani milimeta 229 hivi. Wapenda magari ya kasi wanaitafuta hata leo. Lakini jina kubwa halitoshi. Upana wake ulingane na gari, idadi ya meno ilingane na injini na mwendo, na breki zake ziweze kuusimamisha mzigo. Ekseli nzito kupita haja hula mafuta, tena hurusha gari zaidi katika mashimo.

Seminarini tulizoezwa kuuliza kwanza kila kitu ni kwa ajili ya nini. Swali hilo latufaa hata gereji. Gari hili litabeba nini? Litapita njia gani? Nani ataketi ndani? Ukiisha kujibu, chagua ekseli na breki. Ndipo uitafute injini. Mtu akiwa na fedha ya kitu kimoja tu, na aanze na kile kitakachoibeba nguvu, na injini ingoje zamu yake.