Bunduki Hosteli? Waulize Kwanza Watu wa Garsen

Kila ikifika Aprili 2, makomredi tunawasha mishumaa, tunaposti picha, halafu mjadala ule ule unarudi: kwa nini mwanafunzi asiruhusiwe kubeba bunduki chuoni ajilinde? Mwaka huu mjadala umefika mpaka mezani kwetu nyumbani, maana mdogo wangu wa kike ameitwa Chuo Kikuu cha Garissa. Sasa si ubishi wa mtandaoni tena. Ni mtu wa damu yangu atapanda basi hapa Garsen, apite Minjila, Hola, Bura na Madogo, avuke daraja la Mto Tana, akalale kwenye chuo ambacho Kenya nzima inakijua kwa sababu mbaya.

Mjomba ndiye aliyeanza. "Mtoto wa kike mnampeleka Garissa mikono mitupu? Wale watoto wangekuwa na bunduki, hata watano tu, wasingekufa vile." Marafiki zangu wa Nairobi wanasema hayo hayo kwa lugha yao: si kila msee angejitetea tu?

Siwacheki. Wanaosema hivi wengi wanaogopa, na hofu yao ina msingi. Lakini sikubaliani nao hata kidogo, na wacha nieleze kwa nini.

Tukumbuke kwanza kilichotokea. Alhamisi, Aprili 2, 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, watu wanne wa Al-Shabaab waliingia chuoni alfajiri. Walianza na mabawabu wa getini. Wakawakuta wanafunzi wengine kwenye maombi ya asubuhi, wengine bado kitandani. Watu 148 waliuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi.

Sasa jiulize: siku hiyo Garissa ilikosa bunduki? Haikukosa. Garissa ni mji wenye kambi ya jeshi na polisi wengi. Wanajeshi walifika, wakazingira hosteli. Lakini kikosi cha Recce, wale waliofunzwa kuokoa mateka, kilikuwa Nairobi, na saa zilipita nyingi kabla hakijafika. Kilipoingia, kazi iliisha kwa muda mfupi. Na tusisahau, wiki moja hivi kabla ya shambulio, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewaonya wanafunzi wake kwamba vyuo vinaweza kulengwa. Habari ilikuwepo. Bunduki zilikuwepo. Msaada ndio ulichelewa.

Haya, sasa mweke mwanafunzi mwenye bastola kwenye picha hiyo. Ni saa kumi na moja na nusu asubuhi, ametoka usingizini, giza, kelele, korido imejaa watu wanaokimbia. Nje kuna wanajeshi wasiojua adui ni nani. Wanamwona kijana amesimama dirishani na bunduki mkononi. Unadhani watamuuliza kitambulisho?

Hiyo ni sababu moja. Ya pili nimeijua nikiwa mtoto, hapa hapa kwetu.

Mwaka 2012 nilikuwa shule ya msingi. Agosti ya mwaka huo, kijiji cha Riketa kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Sitasema hapa nani alianza, kwa sababu Wapokomo na Waorma tumeshazika vya kutosha, na nina marafiki pande zote mbili. Ninachokikumbuka ni kilichofuata majumbani. Kila nyumba ilikuwa inajilinda. Mama aliweka panga nyuma ya mlango. Jirani aliposikia tuna panga, akatafuta upinde. Waliposikia kule ng'ambo kuna pinde, wakaanza kuulizia bunduki. Hakuna aliyesema "naenda kuua." Kila mtu alisema "ni ya kujilinda tu." Tukawa tunalala darasani, tumejazana kama samaki, na kila mzazi mlangoni ana chake mkononi. Na wallahi sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa zile siku ambazo kila mtu alikuwa na silaha.

Septemba, Kilelengwani ikavamiwa. Waliuawa watu 38, na kati yao polisi 9. Hao polisi walikuwa na bunduki na walikuwa na mafunzo. Waliovamia walikuwa wengi. Desemba ikafuata Kipao. Julai 2014, washambuliaji wakaingia mpaka kituo cha polisi cha Gamba, si mbali na hapa, njia ya kwenda Lamu. Kama bunduki peke yake ingekuwa kinga, kituo cha polisi kingekuwa mahali pa mwisho duniani kuvamiwa.

Kwa hivyo mtu akiniambia "kila mtu awe na yake, tutaheshimiana," mimi namwambia hiyo filamu nimeiona. Silaha ya jirani haikupi heshima. Inakupa sababu ya kutafuta kubwa kuliko yake.

Sasa turudi kwenye maisha ya chuo ya kila siku, siku ambazo hakuna gaidi, yaani karibu siku zote. Chumba cha watu wawili tunalala wanne. Laptopu inaibwa ukienda kuoga tu. Ijumaa kuna pombe. Kuna mtu ameachwa, kuna mtu amefeli somo mara ya pili, kuna mtu mkopo haujaingia na anakula mara moja kwa siku. Msimu wa uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi unajua vile makabila yanaamka. Hapo ndipo unataka tuweke bunduki chini ya mto? Ile itakayonunuliwa kwa ajili ya Al-Shabaab itamaliza ugomvi wa msichana, au itaibwa, au itageuzwa na mwenyewe usiku ambao hana wa kuongea naye.

Na hofu yenyewe inaua. Siku 10 tu baada ya Garissa, Aprili 12, 2015, hitilafu ya umeme ilitoa mlipuko karibu na hosteli za Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kikuyu. Wanafunzi wakadhani ni shambulio, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa, na zaidi ya 100 waliumia. Novemba 30 mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la kujiandaa kwa shambulio. Watu wakasikia milio ya risasi, wakadhani ni kweli, wakaruka. Mfanyakazi mmoja akafa. Hakukuwa na gaidi hata mmoja siku hizo mbili. Sasa mpe kila mmoja wao bastola, halafu umeme upasuke.

Najua mtasema, mbona Marekani wanaruhusu? Ndiyo, baadhi ya majimbo yanaruhusu. Texas ilianza Agosti 1, 2016, kwa wenye leseni, katika vyuo vikuu vya umma. Tarehe hiyo ilikuwa miaka 50 kamili tangu mtu mmoja apande mnara wa chuo kikuu cha Austin na kuwapiga watu risasi kutoka juu. Lakini wale wana katiba inayotaja haki ya kumiliki silaha. Yetu haina. Kwetu bunduki ni ya leseni, na hata Kifungu cha 37, kinachotupa haki ya kukusanyika na kuandamana, kinasema tufanye hivyo kwa amani na bila silaha. Hiyo "bila silaha" mimi naipenda. Inamaanisha naweza kusimama karibu nawe tukibishana, na mbaya zaidi itakuwa kelele.

Basi polisi wenye bunduki wajazwe kila chuo? Polepole hapo pia. Chuo cha Garissa kilipofunguliwa tena Januari 2016, kuwekewa polisi karibu ilikuwa sawa kabisa, ukizingatia kilipo na yaliyokipata. Lakini bunduki ya serikali nayo haichagui siku. Februari 2018, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Meru alipigwa risasi akafa, polisi walipokabiliana na wanafunzi walioandamana. Askari anayekulinda na gaidi asubuhi asiwe ndiye anayekufukuza kwa risasi mchana kwa sababu umeulizia karo.

Ninachotaka ni vitu visivyopendeza kwenye picha. Onyo likitoka, lifike kwa mwanafunzi siku hiyo hiyo, na lifanyiwe kazi. Kikosi cha uokoaji kiwe karibu na watu wanaolengwa, kisisubiri ndege. Bawabu wa getini awe na redio inayofanya kazi, mafunzo, na mshahara wa kumfanya abaki macho, si rungu na kitabu cha kuandika majina. Hosteli iwe na mlango wa pili usiofungwa kwa kufuli kutoka nje. Na kuwe na mshauri ambaye mwanafunzi anaweza kumgongea akiwa amelemewa.

Mjomba nilimwambia hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hayo yote ni ya serikali, mwanangu. Bunduki ningeinunua mimi." Nilimwelewa. Watu hutaka bunduki pale wanapokuwa wameshakata tamaa kwamba kuna mtu atakuja. Ndiyo maana mimi nitawapigia kelele wanaotakiwa kuja, mpaka wachoke na mimi.

Mdogo wangu anaenda Septemba, amekataa kubadilisha chuo. Na wewe unayeripoti chuo chochote mwaka huu, wiki ya kwanza wakimaliza kukuonyesha maktaba na kantini, inua mkono uulize: mlango wa pili wa hosteli uko wapi, ufunguo ana nani, na nikipiga simu saa kumi usiku nani anashika?