Karatasi Yake Ilisema Hasi, Mimi Nikahesabu Siku

Siku hizi mjini karatasi ya majibu ya VVU imekuwa kama leseni ya udereva. Mtu anaikunja vizuri, anaiweka kwenye pochi, na saa ya kuulizana ikifika anaichomoa: "Mimi niko safi, soma mwenyewe." Unasoma jina, muhuri na neno moja tu, hasi. Mjadala unafungwa, taa inazimwa. Tangu Julai 2007, Rais Kikwete na Mama Salma walipopima hadharani Dar es Salaam, kupima kumetoka kwenye aibu kukawa ustaarabu, na hilo tushukuru. Wapo wachungaji wanaodai majibu kabla ya kutangaza ndoa. Wapo wachumba wanaokwenda kupima wamependeza kama wanakwenda harusini. Lakini kuna kitu kwenye ile karatasi ambacho karibu hakuna anayekisoma, nacho ni tarehe.

Mimi niliisoma, msomaji wangu, na kasheshe yote ikaanzia hapo.

Nilikuwa na mwezi mmoja tu na mwenzangu. Usiku wa Jumamosi, tarehe 29 Aprili 2023, kondomu ilipasuka. Ilikuwa imevaliwa sawasawa, muda wake haukuwa umekwisha, ilipasuka tu. Yeye akacheka kidogo kuniondoa wasiwasi, akaiendea pochi yake. Karatasi hiyo: tarehe 3 Aprili, walipimwa siku ya afya kazini kwao. Hasi. "Usiwe na presha, mpenzi."

Nikamuuliza swali moja. Na yule dada wa zamani, mara ya mwisho bila kinga ilikuwa lini? Kimya. Halafu akasema katikati ya Machi, walikutana "kuagana". (Jamani wanaume na kuagana kwenu!) Nikahesabu kwa vidole pale pale kitandani. Toka katikati ya Machi mpaka tarehe 3 Aprili ni siku 19 hivi.

Hapa twende taratibu, maana ndipo wengi tunapotelea. Kile kipimo cha kutobolewa kidole kwa kawaida hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza baada ya kuvamiwa, na mwili hauwatengenezi kwa siku moja. Kwa vipimo vya haraka vya namna hii inachukua kati ya siku 23 na 90 tangu mtu aambukizwe hadi kipimo kuona kitu. Damu ya mshipani ikipelekwa maabara kwenye kipimo kinachotafuta kingamwili pamoja na chembe za kirusi chenyewe, muda unashuka mpaka kati ya siku 18 na 45. Kipimo cha vinasaba vya kirusi kinawahi zaidi, siku 10 hadi 33, ila ni cha gharama na hukipati kila kona. Huo muda wa katikati wataalamu wanauita kipindi cha mpito, wengine husema dirisha.

Kwa hiyo karatasi ya mwenzangu haikuwa ya uongo. Ilijibu kuhusu maisha yake ya kabla ya mwaka mpya. Kuhusu Machi haikuwa na la kusema. Na kilichoninyima usingizi ni hiki: wiki zile za mwanzo, kipimo kikiwa bado hakioni, ndizo virusi huwa vimejaa kwenye damu kuliko wakati mwingine wowote, maana mwili haujaanza kupambana navyo. Yaani karatasi inakuwa bubu wakati ule ule ambao hatari ni kubwa kabisa.

Jumapili nikaenda zahanati moja ya binafsi, jina nalihifadhi. Kijana wa mapokezi akanisikiliza nusu, akaniambia, "Dada, nenda ukarudi baada ya miezi mitatu." Kwa habari ya kipimo alikuwa sahihi. Lakini kumwambia hivyo mtu aliyepata ajali usiku wa kuamkia siku hiyo ni sawa na kumwambia mwenye nyumba inayoungua kwamba hasara itahesabiwa kesho.

Aliyeniokoa ni shosti wangu mmoja, nesi. Ilikuwa Jumatatu, Mei Mosi, saa saba mchana, kliniki nyingi zimefungwa kwa sikukuu. "Saa ngapi zimepita?" ndilo swali lake la kwanza. Saa 38. "Vaa viatu, nenda hospitali kubwa, kitengo cha dharura hakifungwi. Waambie unataka PEP."

PEP ni dawa kinga ya baada ya tukio. Ni ARV zile zile, zinazokizuia kirusi kujizalisha kabla hakijaweka makazi mwilini. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ina faida. Baada ya hapo zinakuwa hazina kazi. Unameza siku 28 bila kuruka. Na si za manesi waliochomwa sindano peke yao: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tangu 2014 hautofautishi aina ya ajali. Kabla ya kupewa unapimwa, kwa sababu kama tayari unavyo virusi unahitaji matibabu kamili, siyo kinga. Nikapima, hasi. Na nikakumbuka kwamba hiyo nayo ilikuwa inanieleza habari za zamani.

Daktari wa zamu alikuwa mama wa makamo, mtulivu. "Mwanangu," akaniambia, "hatari ipo, ila si kubwa kama unavyoiota usiku." Akanipa hesabu. Mwanamke akilala bila kinga na mwanamume mwenye VVU asiyetumia dawa, kwa tendo la kawaida, wastani ni maambukizi 8 katika kila matendo 10,000. Kwa mwanamume upande wa pili ni kama 4. Kwa anayeingiliwa njia ya haja kubwa inapanda hadi 138. Busu, kikombe, choo cha pamoja, mbu, hakuna kitu.

Mimi nikafurahi. Yeye akaniwekea breki. Nane katika elfu kumi ni wastani wa watu wengi, na wastani haukujui wewe. Kidonda au ugonjwa wa zinaa kwa mmoja wenu, namba inapanda. Mwenzio akiwa ndiyo kwanza kaambukizwa, inapanda. Wapo walioambukizwa mara ya kwanza tu, na wapo walioishi miaka na mwenzi mwenye virusi wasipate. "Sasa meza dawa," akamaliza.

Nilimeza. Kichefuchefu cha wiki ya kwanza nilikivumilia. Kazi ilikuwa nyumbani.

"Kwa hiyo huniamini?" Hilo ndilo alilosema alipokiona kile kikopo cha dawa. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Kwake yeye kikopo kile kilikuwa ni mimi nimemwita malaya mbele ya daktari. Nikamjibu, "Wewe nakuamini. Nisichokiamini ni kidole chako cha siku ya 19." Hakucheka. Nadhani tatizo letu wengi ni kwamba tumeufanya upimaji kuwa mtihani wa tabia, kwamba aliyefaulu ni mwema, aliyefeli ni mhuni, na anayeuliza tarehe ni mchokozi. Kipimo hakijui tabia. Mtu anaweza kuwa muungwana wa kutupwa na bado akawa ndani ya dirisha.

Jumanne akaenda kupima, nadhani kwa hasira. Akarudi amepauka. Kitendanishi cha kwanza kilionyesha mstari mwembamba, hafifu. Cha pili hakikuonyesha kitu. Wakampa siku 14 arudi, wakamwambia majibu hayajulikani.

Hebu jaribu kukaa na mtu wiki mbili ndani ya "hayajulikani".

Mshauri nasaha ndiye aliyetufafanulia kwa karatasi na kalamu, na sijaisahau hesabu ile. Kitendanishi cha kwanza kinatakiwa kuwanasa angalau 99 katika kila watu 100 wenye virusi, na kuwaachia huru angalau 98 katika kila 100 wasio navyo. Inasikika kama ukamilifu. Sasa chukua watu wazima 1,000. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wa miaka 15 na zaidi wana VVU, kwa hiyo hapo 44 wanavyo na 956 hawana. Asilimia mbili ya hao 956 ni watu 19 hivi ambao wanaweza kuonyeshwa mstari na hawana chochote. Karibu theluthi ya mistari yote! Vitendanishi vingi hufanya vizuri kuliko kiwango hicho cha chini, lakini ndiyo maana hakuna anayepaswa kuambiwa ameathirika kwa mstari wa kipimo kimoja. Hata kile cha kujipima nyumbani, ambacho sheria yetu ilikiruhusu mwaka 2019, kikionyesha mistari miwili kinakutuma kituoni, hakikuhukumu.

Lakini mstari hafifu unaweza pia kuwa ni maambukizi mapya yanayoanza kujitokeza. Hilo hakutuficha.

Basi usiku tukawa tunaongea mambo ambayo wapenzi wa mwezi mmoja hawaongei. Je, akiwa navyo, nabaki? Nilitaka kujibu haraka ndiyo, nikashindwa, na yeye akaona kwamba nimeshindwa. Kilichotusaidia ni habari ambayo mshauri alitupa. Wazungu waliwafuatilia wapenzi 888 wa Ulaya, yaani jozi 888, mmoja ana VVU na mwenzake hana, mwenye virusi anatumia dawa mpaka havionekani kwenye kipimo. Utafiti huo, uitwao PARTNER, ulitoa matokeo mwaka 2016: matendo kama 58,000 bila kondomu, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake. Sifuri. Watu 11 walipata virusi, ila vinasaba vilionyesha vilitoka kwa mtu wa nje. (Hapo mwenzangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Mei Mosi.) Nikamwambia, ukiwa navyo tutameza wote, mimi changu kitaisha siku ya 28 na wewe utaendelea. Sikujua kama namaanisha. Leo bado sina uhakika.

Tarehe 16 Mei hapakuwa na mstari wa pili kwenye kitendanishi chochote. Zilikuwa zimepita siku kama 62 tangu kule kuagana. Wakamwambia arudi katikati ya Juni, zikitimia 90. Mimi daktari akaniambia nimalize dozi, nikamaliza tarehe 28 Mei.

Katikati ya hayo kulikuwa na simu moja ngumu, ya kumpigia yule dada wa zamani kumwambia akapime. Niliisikiliza nikiwa jikoni, nakata vitunguu visivyohitajika. Akamuuliza, "Kwani umesikia nini juu yangu?" Akakata. Nilimwelewa, mwenzangu ndivyo alivyoniuliza mimi. Mwezi wa sita akatuma ujumbe wa maneno matatu: nimepima, niko sawa. Mwenzangu akanionyesha, nikamwambia mwulize alipima lini. Akanitazama kwa muda. Akauliza.

Juni yeye alikuwa hasi, safari hii na siku zake zimetimia. Mimi nilipima katikati ya Juni, wiki sita baada ya tukio, nikapima tena Jumatatu ya tarehe 31 Julai. Alinisindikiza, akakaa kwenye benchi pale nje akijifanya anasoma gazeti. Hasi. Kondomu bado tunatumia, na kila baada ya miezi mitatu tunakwenda pamoja. Mpaka leo akikasirika ananiambia nilimhesabia siku kama benki inavyohesabu riba.