Chunusi za binti na neno la mama

Binti wa kidato cha tatu, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, aliacha kupiga picha na wenzake. Shuleni walimwita "Mashimo". Nyumbani mama, kwa nia njema, kila asubuhi alimshika kidevu: "Hebu nione. Bado tu?" Akampaka limau. Jua likamuunguza, madoa yakazidi weusi.

Siku moja mama alikuta kioo kimegeuziwa ukutani. Akakaa kitandani kimya, kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Wakaanza upya: sabuni isiyo kali asubuhi na jioni, krimu ya kukinga jua kabla ya kutoka, hakuna kutumbua, hakuna mkorogo. Daktari wa ngozi aliwaambia ukweli: madoa meusi hufifia taratibu, kwa miezi, vishimo haviondolewi na dawa za jikoni. Vina tiba yake hospitali, chunusi zikishatulia.

Miezi sita imepita. Madoa yamepungua, vishimo vipo. Kioo kimerudi kutazama chumba. Asubuhi mama hamshiki tena kidevu, humuuliza, "Umeamkaje, mwanangu?" na kusubiri jibu.