Mkimbizi Amekimbia Nini?

Neno la kwanza lililonifanya niogope watu nisiowahi kuwaona ni "mkimbizi". Nililisikia chini ya mwembe kijijini Nambilanje, miaka ya mwisho ya 1960, nikiwa mtoto niliyejipenyeza kwenye mkutano wa wakubwa. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza Septemba 1964, na watu walikuwa wakivuka Ruvuma. FRELIMO ilikuwa na kambi yake Nachingwea, katika mashamba yaliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza; Rutamba, upande wa Lindi, serikali ilikuwa imefungua makazi ya raia waliokimbia vita.

Afisa aliyetumwa kwetu alikuwa na haraka. Alisema wakimbizi wanakuja, watapewa ardhi, wananchi watoe ushirikiano. Akakaa. Alitaja ekari, hakutaja sababu. Bibi yangu, aliyekuwa akisuka ukili, akauliza bila kuinua kichwa: "Mwanangu, hao wamekimbia nini?"

Halikuwa swali la dharau. Masikioni mwa wazee wetu, mtu aliyekimbia kwao alikuwa ameacha nyuma deni, kodi au damu. Afisa akajibu kwamba wamekimbia kwa sababu ni wakimbizi. Watu wakaguna.

Aliyeuokoa mkutano ni mjumbe wa nyumba kumi. Neno la afisa hakulirudia hata mara moja. Alisema, kwa Kimwera kwanza, kwamba ng'ambo ya mto kuna Wamakonde, Wamakua na Wayao kama hawa tulioketi nao. Nyumba zao zimechomwa, nao wanaomba mahali pa kulala na pa kulima. Akakumbusha vita vya Maji Maji, Wajerumani walivyochoma vyakula vya babu zetu, nao wakalala porini na majumbani mwa watu. Bibi akauweka ukili chini. Mama yake alimzaa katika mbio zile.

Hapo ndipo maswali ya kweli yalipoanza: watachota maji kisima kipi? Mbegu watapewa na nani? Shamba la fulani lililolala litahesabiwa kuwa halina mwenyewe? (Mkutano wa ardhi usiofika kisimani, kwangu mimi, bado haujaanza.) Afisa alilazimika kusimama tena, na safari hii alikaa nasi mpaka jua likazama.

Miaka ilipita. Chuo cha ualimu kilinifundisha uundaji wa maneno, nami nikaupenda kupita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, vita vya pili vya Msumbiji vilipowaleta tena watu kwetu, niliwapa wanafunzi wangu zoezi: eleza maana na asili ya nomino hizi. Kijana mmoja akaandika: "Mkimbizi ni mtu aliyekimbizwa, linatokana na kukimbiza." Nikapiga mkasi kwa wino mwekundu. Mbele ya darasa zima nikaeleza kwamba kimbia huzaa mkimbizi kama okoa inavyozaa mwokozi na lea mlezi. Ile z ni mabaki ya l ya kale iliyodondoka kwenye kitenzi, wala haihusiani na kukimbizwa na mtu. Anayekimbiza ni mkimbizaji.

Alisimama taratibu. "Mwalimu, sisi hatukukimbia. Tulikimbizwa."

Sikujua kwamba alitoka huko. Niliendelea na somo, lakini sauti niliyoisikia kinywani mwangu ilikuwa ya yule afisa chini ya mwembe.

Baada ya vipindi nilimtafuta, nikamwomba daftari. Kosa la asili ya neno sikulifuta, kwa kuwa lilikuwa kosa. Kando yake nikaandika, "Maana: sahihi," nikampa alama moja kati ya mbili. Akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu ile nyingine angeipata wapi.