Mlinzi wa Buyu la Asali

Wahenga wamesema: chovya-chovya humaliza buyu la asali. Methali hii huambiwa watoto wadokozi. Sisi twadhani yawahusu zaidi watu wazima waliokabidhiwa buyu lenyewe walilinde.

Je, mtu mwenye hekima, aliyepewa dhamana ya muda mrefu, aweza kuiacha njia pasipo kukusudia? Wengi husema kwamba apoteaye ni mjinga. Zamani nasi tulisema hivyo.

Mwaka 1967 Bunge lilitunga sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa, na mwaka huo huo serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake. Tulipoajiriwa miaka mingi baadaye, tulikuta ofisini majalada yaliyoandikwa kwa Kiswahili kinyoofu: kumbukumbu za mikutano, hesabu za mbegu, mashauri ya mipaka ya mashamba. Mkuu wetu wa kazi alitukabidhi majalada hayo, akatuasa tuiendeleze desturi ile. Tulikubali kwa moyo, maana tulikuwa tumekwisha kuanza kutunga mashairi.

Siku moja mgeni kutoka ng'ambo alihudhuria mkutano, nasi tukamwandikia muhtasari kwa Kiingereza. Ilikuwa haki ya mgeni. Kisha wafadhili wakataka taarifa. Tukaiandika kwa Kiingereza, tukaambatisha tafsiri. Kisha kazi zikazidi, tafsiri tukaiacha. Kila hatua ilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa njema. Mjinga asingezipata sababu hizo. Sisi tulizipata kwa kuwa tulikuwa na busara ya kuzitafuta.

Ndipo alipokuja ofisini mkulima mmoja mzee, ameshika barua iliyohusu kisima cha kijiji chake. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasema: "Mwanangu, barua hii imetoka kwenu, lakini kijijini sina wa kunisomea." Tuliitazama sahihi iliyokuwa chini ya karatasi. Ilikuwa yetu.

Katika shairi la mizani 16, mtunzi akipunguza mizani moja, msikilizaji huisikia papo hapo, hata kama hakupata kuingia darasani. Sikio lake ndilo limlindalo mtunzi. Sisi ofisini tulijinyima sikio hilo, kwa kuwa tuliandika mambo ambayo mwenye haki ya kutukosoa hakuweza kuyasoma. Kadiri tulivyozidi kupotea, ndivyo tulivyozidi kukosa wa kutuambia.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Jambo hili latufurahisha. Lakini hata sisi tuliopotea tulikuwa na agizo, na tulilijua vyema.

Kwa hiyo, enyi walimu na vijana, jibu letu ni kwamba mwenye hekima aweza kupotea, tena kwa hatua ambazo kila moja aweza kuitetea. Hekima yake peke yake haimtoshi. Yampasa akae mahali ambapo yule anayelindiwa mali aweza kumwona, kumwelewa na kumuuliza.

Mzee yule tulimwandikia barua nyingine siku ile ile, akaisoma mwenyewe mbele yetu. Majalada ya miaka ile ya upotevu tungali tukiyatafsiri, na hatujayamaliza.